Tasnifu ya Bi Sikutumia

Nchi yenyewe ipo. Msiulize iko wapi, maana hata wenyeji wakiulizwa hutazamana kwanza kabla ya kujibu. Ni nchi ya watu wakarimu, wapenda sherehe, wapenda mihuri, na neno walilolipenda kuliko yote ni kuwajibika.

Kwao neno hilo lina maana moja tu. Daraja likianguka magazeti huandika "Waziri awajibike!", naye Waziri hufungasha kalenda ya ofisini na picha ya mkewe, akaondoka. Mtihani ukivuja, mtu anawajibika. Mbolea ikifika imegeuka mchanga, mtu anawajibika. Katika miaka hamsini hakuna aliyewahi kuwajibika kwa namna nyingine yoyote, kwa mfano kwa kubaki kazini akaifanya kazi. Watoto wa shule wakiulizwa kinyume cha "kuajiriwa" wanaandika "kuwajibika", na mwalimu anatia vema.

Basi ikaingia akili mnemba, ile mashine inayoandika yenyewe. Wananchi wakaizoea haraka, wakafupisha jina, wakaiita Mnemba tu kama jirani wa ukuta mmoja. Wanafunzi wa vyuo wakaikimbilia, maprofesa wakaikimbilia kwa mlango wa nyuma, na serikali ikaona haya mambo hayawezi kwenda bila serikali. Waziri wa Elimu ya Juu na ya Juu Zaidi akaita mkutano uwanjani.

"Ndugu wananchi!" akasoma. "Matumizi ya akili mnemba katika uandishi wa kitaaluma hayakwepeki. Lakini kila atakayeitumia, aitumie kwa kuwajibika!"

Makofi.

"Je, ungependa niongeze aya kuhusu vijana?" Waziri akaendelea kusoma, kwa sauti ileile, kidole juu.

"Ndiyoo!" uwanja ukaitika.

Waziri akageuza karatasi, hakuona aya ya vijana wala ya wazee, akajipiga kifua mara mbili, akashuka jukwaani. Kesho yake magazeti yalimsifu kwa moyo wake wa kuwauliza wananchi wanataka nini.

Kazi ikabaki kwa makarani. Kuitumia kwa kuwajibika, ndiyo kufanyaje? Walijifungia siku tisa na sinia za vitumbua. Siku ya kumi wakatoka wameafikiana: palipotumika Mnemba, lazima mtu aondoke. Mashine haina cheo cha kujiuzulu, basi ajiuzulu mtu kwa niaba yake. Ikaundwa Kurugenzi ya Uwajibikaji wa Mnemba, ghorofa tatu, lifti moja inayopanda tu. Ikachapishwa na fomu.

*

Fomu hiyo ndiyo iliyomkuta Sikudhani Kibwana.

Sikudhani alikuwa msusi katika Saluni ya Mama Chausiku. Mwenye saluni hakuwa Mama Chausiku. Alikuwa shangazi yake, Bi Mwanakombo, ambaye aliinunua saluni pamoja na kibao chake, akaona uvivu kukipaka rangi upya, na kufikia mwaka wa pili akawa anaitika. Ilikuwa saluni ya viti vitatu na wanawake kumi na mmoja: watatu wanasukwa, wanane wamekuja kusikiliza.

Hapo ndipo Sikudhani, mikono kwenye rasta na masikio mlangoni, alipogundua jambo ambalo wasomi walikuwa hawajaligundua. Habari yenyewe haisemwi kwa maneno. Maneno ni ya kupisha muda. Habari inagunwa.

Miaka minne alikusanya miguno. Aliiandika kwa kalamu kwenye madaftari tisa yaliyonuka mafuta ya nywele. Akaipata kumi na tisa, kila mmoja na maana yake, na saa yake, na aina ya mwanamke anayeuweza. Mguno wa nne ni mfupi, unatokea puani, na maana yake ni "nakusikiliza ila sikuamini". Mguno wa saba ni wa mume wa mtu aliyeonekana mahali. Mguno wa kumi na moja hutolewa mtu akishatoka tu, na sharti uanze kabla pazia la mlango halijatulia. Profesa Lukindo, msimamizi wake chuoni, alipousoma huo wa kumi na moja alifunga ofisi, akaujaribu peke yake mbele ya kioo, kisha akatoka akasema, "Hii ni tasnifu."

Sikudhani mwenyewe aliacha shule mara mbili na kurudi mara tatu. Chuo kilikuwa kimemwahidi: shahada ya uzamili ikitoka, Jumatatu inayofuata aingie darasani kufundisha. Lakini ukimuuliza, hata kufundisha hakukuwa ndiyo hamu yake kubwa. Alitaka kuliona jina lake juu ya kitabu. Sikudhani Kibwana, mwandishi. Alilijaribu kwa maandishi ya kulala, kwa maandishi ya kusimama, akachagua ya kusimama.

Fomu ikasema: *Jina la mwombaji.* Akaandika. *Kichwa cha tasnifu.* Akaandika. Kisha: *Aliyetumia akili mnemba. Jibu kwa herufi kubwa. Usiache wazi.*

Sikudhani hakuwa ametumia. Angetumia kwa lipi? Siku moja alijaribu kumgunia Mnemba kwenye simu, Mnemba akajibu kwamba anasikia ng'ombe. Akatafuta mahali pa kutia alama kwamba hakutumia, hapakuwapo. Nafasi imekataza kuachwa wazi. Akafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya. Akaandika kwa herufi kubwa, tena nzuri: SIKUTUMIA.

*

Wiki mbili baadaye majina yakabandikwa ubaoni. Sikudhani alisoma mara tatu. *Aina Kumi na Tisa za Mguno. Mwandishi: Sikutumia Kibwana. Aliyewasilisha: Sikudhani Kibwana (ndugu).*

Akapanda Kurugenzi mbio mbio. Dirisha la nne alikaa Bwana Hiza, mzee mpole mwenye miwani miwili, mmoja puani na mmoja utosini.

"Shikamoo, mzee," akasema, akisukuma nakala ya fomu yake dirishani.

"Marahaba, mwanangu. Pole kwa mzigo wa ndugu."

"Ndugu gani?"

"Sikutumia. Kwa kanuni zetu, aliyetumia ndiye aliyeandika."

"Sikutumia si mtu, mzee wangu. Ni jibu."

Bwana Hiza akamtazama kwa huruma. "Mwanangu, mke wangu anaitwa Sijali. Binamu yangu ni Sikuzani. Yule anayepita na birika pale ni Sitaki. Sitaki! Lete vikombe viwili." Sitaki akaleta vikombe viwili. "Umeona? Wewe Sikudhani, mwenzio Sikutumia. Hata mtoto mdogo ataona hawa wamezaliwa nyumba moja. Ni pacha?"

"Mzee, nisikilize. Mimi sikutumia!"

Kalamu ya Bwana Hiza ikasimama hewani. "Kwa hiyo wewe ndiye Sikutumia?"

"Hapana! Mimi Sikudhani. Mimi... yaani ninachosema, mimi sikutumia Mnemba."

"Sikutumia Mnemba," Bwana Hiza akaandika taratibu, ulimi umetoka kidogo pembeni. "Hilo la Mnemba ni la baba au la mume?"

Sikudhani akajivuta nyuma kutoka dirishani. Alihisi kama mtu aliyenasa nywele kwenye tundu la kiti: kila akijivuta zinazidi kukaza. Alijua kwamba neno lolote atakalotoa pale dirishani litaandikwa, na likishaandikwa litapata wazazi.

Alishuka kwa ngazi, akiwa na barua mkononi. Ilimtaka amlete Sikutumia Mnemba Kibwana mbele ya Baraza la Kurugenzi ndani ya siku kumi na nne ili awajibike, na mpaka hapo asiiguse tasnifu ya mwenziwe.

*

Profesa Lukindo alimpokea mlango nusu wazi.

"Profesa, wewe umesoma kila ukurasa. Umeyaona madaftari yangu. Njoo uwaambie."

"Sikudhani, mama," Profesa akanong'ona, akichungulia ukumbini huku na huku, "kwa nini ulisema kweli kwenye fomu? Wenzako wote wameandika majina ya marehemu. Marehemu anawajibika vizuri, halalamiki, hakati rufaa. Wewe unakwenda kuandika jambo lililotokea!"

"Utakuja?"

"Nikisema nimekusimamia, wataniuliza nilimsimamia nani. Nikisema Sikudhani, nimepinga ubao wa serikali. Nikisema Sikutumia, nimesimamia mtumiaji, niwajibike. Nimebakiza miaka miwili nistaafu, mama. Niache nistaafu bila kuwajibika."

Akafunga mlango kwa upole mkubwa sana. Alikuwa mtu mwema, kila mtu alisema hivyo.

*

Baraza lilikuwa na wajumbe watano na mazulia mawili. Mwenyekiti wake, Mheshimiwa Daktari Daktari Kasonde, alikuwa na shahada mbili za uzamivu na alidai kuitwa zote.

"Baraza hili," alifungua, "halina haraka, halina chuki, na halina habari. Tunaanza bila kujua chochote, na tunakusudia kuwa waaminifu kwa hilo hadi mwisho. Nduguyo yuko wapi?"

"Hayupo, Mheshimiwa."

"Amesafiri?"

"Hakuzaliwa."

Wajumbe wakaandika: *mdogo wake.*

Sikudhani akayaweka madaftari tisa mezani. Mjumbe mmoja akalinusa la juu, akasema lina mafuta, likaondolewa kwa usalama wa zulia. Akaomba agune, wamsikie wenyewe. Mwenyekiti akamwambia kumgunia Daktari Daktari ni kosa jingine kabisa, lenye fomu yake.

"Tuna shahidi asiyependelea upande wowote," Mwenyekiti akasema. "Karani, muulize Mnemba."

Karani akaandika kwenye kompyuta, kisha akasoma jibu kwa sauti: "'Asante kwa swali zuri! Sikutumia Kibwana ni mtafiti mashuhuri wa miguno. Alizaliwa katika familia ya kawaida iliyothamini elimu. Ameandika vitabu vinne, kikiwemo *Mguno na Ujenzi wa Taifa*.'"

"Vitabu vinne!" wajumbe wakaambiana.

"Havipo!" Sikudhani akasimama. "Wallahi havipo hivyo vitabu! Mwambie anaongopa!"

Karani akaandika, akasoma: "'Samahani kwa kukukanganya. Uko sahihi. Ameandika vitabu sita.'"

Wajumbe wakainamisha vichwa kwa heshima.

"Sasa muulize mimi," Sikudhani akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Muulize Sikudhani Kibwana."

"'Samahani, sina taarifa za mtu huyo. Je, ulimaanisha Sikutumia?'"

Mwenyekiti akavua miwani kama aliyefiwa. "Binti, Baraza lina huruma. Una njia mbili. Umlete nduguyo awajibike. Ama ule kiapo hapa kwamba wewe ndiye Sikutumia, na kwamba huyo Sikudhani hajapata kuandika kitu maishani mwake, hata barua."

"Nikiapa, napata shahada?"

"Papo hapo. Kisha unawajibika."

"Kwa kufanyaje?"

"Kama watu wote. Unairudisha."

"Kwa hiyo nikikataa sipati, na nikikubali napokonywa."

"Hupokonywi," Mwenyekiti akasema, ameumia kidogo. "Unawajibika. Kuna tofauti kubwa ya heshima."

Sikudhani aliwatazama mmoja mmoja. Wote walikuwa na nyuso za watu wanaomtakia mema. Akasema haapi. Likaandikwa kwamba Sikutumia amekataa kufika.

*

Saluni hiyo siku ilikuwa na watu kumi na watano.

"Si uape tu, mwanangu?" Bi Mwanakombo alisema, kitana mdomoni. "Jina kitu gani? Mimi Chausiku sijamzaa na naitwa mama yake mwaka wa kumi na nane huu. Juzi wamenichangisha harusi yake."

"Shangazi, wewe ulipewa jina juu ya lako. Mimi ninanyang'anywa langu lenyewe."

"Akiapa atakuwa hajaandika hata barua," akadakia mteja wa kiti cha pili. "Na ile barua aliyomwandikia yule wa benki?"

"We! Nyamaza, hatukukubaliana hivyo!" Sikudhani akaruka.

Wakacheka, na Sikudhani akacheka nao, kisha machozi yakamtoka katikati ya kicheko, akawa anasuka haoni. Aliyekuwa chini ya mikono yake alivumilia, ingawa mstari ulikwenda sikioni. Wakaguna tu, mmoja baada ya mwingine, na yeye aliyejua maana ya kila mguno hakupata hata mmoja wa kumtuliza.

Ratiba ya mahafali ilipotoka, jina lilikuwamo. *Sikutumia Kibwana, Shahada ya Uzamili.* Hakuna karani aliyejua fomu ya kuliondoa. Hapo ndipo Sikudhani alipopata matumaini, na wote waliomfahamu walisema ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi kumwona akila. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Jina litaitwa mbele ya watu elfu mbili. Hatasimama mtu. Litaitwa tena. Hatasimama mtu. Na serikali nzima, kwa macho yake, mchana kweupe, itaona kwamba Sikutumia hayupo. Wakishaona hayupo, watalazimika kuuliza nani basi aliandika.

*

Walikwenda wanane kutoka saluni, na kanga za sare, wakakaa mstari wa pili kutoka nyuma. Bi Mwanakombo alikuwa amewaonya: likiitwa, kimya, asikohoe mtu.

Majina yakaenda. Hamsini, themanini, mia na kumi. Sikudhani alikaa mikono imebanwa katikati ya magoti.

"Sikutumia Kibwana!"

Kimya. Kimya kizuri, kirefu, kilichoanza kunenepa. Msajili akainua uso kutoka kwenye karatasi. Sikudhani alihisi moyo wake ukipanda ngazi moja, mbili.

Mstari wa tatu akasimama mwanamke. Joho lilimzidi mabega. Akapangusa mapaja, akaenda mbele kwa mwendo wa mtu aliyezoea kuitwa mbele, akapiga goti, akatunukiwa. Mwanamke mmoja wa saluni, ambaye kwa miaka minne alikuwa akilingoja jina la Kibwana lisomwe ukumbini, alijisahau, akapiga kigelegele. Wengine, kwa mazoea tu, wakaitikia. Kilikuwa kigelegele kikali kuliko vyote vya siku hiyo, na Mgeni Rasmi alipunga mkono upande wao.

Sikudhani alisimama, akataka kupiga kelele. Lakini apige kelele aseme nini? "Yule si Sikutumia"? Basi amekubali Sikutumia yupo. "Mimi ndiye"? Basi ameapa. Alisimama hivyo, mdomo wazi, mpaka aliyekaa nyuma yake akamwomba akae, anamziba.

*

Mwanamke yule alikuja saluni Jumamosi mchana, hana joho, na bahasha ya khaki kwapani. Watu kumi na watatu wakanyamaza kwa pamoja. Haikuwa imewahi kutokea.

"Hodi. Namuulizia Sikudhani."

"Ndiye mimi."

"Naitwa Leokadia." Akababaika. "Yaani, nilikuwa."

"Ulikuwa!" Bi Mwanakombo akafoka. "Huna haya, mwanamke wewe! Umetoka wapi?"

"Nimetumwa, mama. Hiyo ndiyo kazi yangu, kuwajibika. Nimewajibikia daraja, nimewajibikia mbolea, nimewajibikia mitihani miwili. Wananiteua asubuhi, najiuzulu jioni, naenda nyumbani kupika. Safari hii wakaniita wakasema kuna jina limekosa mtu." Akamgeukia Sikudhani. "Lakini walipofungua kanuni wakakuta mtu hawezi kujiuzulu bila cheo. Wakanitafutia cheo kwanza. Kuna nafasi chuoni ilikuwa inamngoja mwenye tasnifu hii. Naanza Jumatatu."

"Na utajiuzulu lini?" Sikudhani akauliza.

"Hawajasema. Wamesahau, nadhani. Wamenipa na ufunguo wa ofisi." Akatoa kitabu kwenye bahasha, kimejalidiwa kwa kijani, herufi za dhahabu zimesimama wima: SIKUTUMIA KIBWANA. "Dada, nimekisoma usiku na mchana. Mimi elimu yangu darasa la saba. Sikupata kusoma kitu kitamu kama hiki. Lakini hapa ukurasa wa arobaini pameandikwa 'mh', na chini yake 'mh', na wewe unasema ni tofauti. Mimi naona mamoja. Jumatatu nitawafundisha watoto wa watu nini?"

Bi Mwanakombo alikuwa ameshashika ufagio. Wengine walimtazama Sikudhani, wakingoja neno moja tu wamtoe mgeni nje.

Sikudhani alikichukua kitabu. Akapitisha kidole juu ya jalada, akaruka mahali pa jina, akafungua ukurasa wa arobaini. Ni kweli, chapa ilikuwa imezifanya "mh" zote mbili kuwa sawasawa. Ile ya pili ilitakiwa ianzie kooni. Akaona darasa zima la vijana, mwaka hadi mwaka, wakifundishwa kuitoa puani, na wao wakienda kuwafundisha wengine.

"Shangazi, weka ufagio," akasema. Akavuta kiti cha tatu. "Kaa, Leokadia. Fumba mdomo. Sasa, anzia hapa, kooni."

Walikaa mpaka mguno wa kumi na tisa. Wanawake wote kumi na watatu wakatumika kama mifano, na hata waliokuwa na ugomvi wakausahau, wakaanza kusahihishana. Leokadia alikuwa mwepesi kushika. Alipoinuka kuondoka alikuwa na mashaka bado, akasimama mlangoni na kitabu kifuani.

"Dada, na wakiniuliza niliiandikaje?"

"Waambie uliandika mwenyewe. Kwa kalamu. Miaka minne, madaftari tisa."

"Wataniamini?"

Sikudhani alikuwa ameshaanza kukusanya nywele sakafuni.

"Wewe watakuamini," akasema.